Kijitabu kisicho na ukurasa wa kwanza

"Babu, mbona hiki kimeshonwa kwa uzi na vingine vina pini?" Mjukuu alishakimbilia kucheza, nami bado nimekishika kile kijitabu cha East African Literature Bureau, shirika la zamani la kuchapisha vitabu Afrika Mashariki.

Nilikipata Tanga, ndani ya boksi la marehemu mwalimu mmoja. Mjane wake alikuwa anahama na hakutaka vitabu vichomwe moto. Vingi vilishaliwa na mchwa. Hiki kilikuwa na kutu tu.

Hewa ya pwani haizionei huruma pini za stepla. Zikioza, kutu inahamia kwenye karatasi na mkunjo unakatika palepale. Nilikifungua katikati, nikapenyeza ncha ya kisu chembamba chini ya miguu ya pini, nikaisimamisha mmoja mmoja, kisha nikageuza upande wa jalada na kuichomoa taratibu. Ukiivuta kwa nguvu inatoka na karatasi. Unga wa kutu uliondoka kwa brashi kavu, maji yangeueneza.

Pini zilipotoka, karatasi ya mwisho, uk. 31–32, ikabaki mkononi peke yake. Hapo nilikaa muda mrefu. Kwenye kijitabu cha kurasa 32 kilichokunjwa katikati, namba za kurasa zinazoshikana hujumlika 33: 1 na 32, 2 na 31. Kwa hiyo iliyopotea ni karatasi ya uk. 1–2, ile yenye jina la kitabu na, nyuma yake, mwaka wa kuchapwa. Jalada lilikuwepo, na miji yake Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, bila mwaka.

Nilishona kwa uzi wa pamba, matundu matatu: sindano itoke nje kwa tundu la kati, irudi ndani kwa la juu, itoke kwa la chini, irudi kati, fundo libaki ndani, juu ya mshono mrefu.

Kilichobaki ni kadi ya orodha ya vitabu, nayo inataka mwaka. Bureau ilianzishwa 1948, ikafa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza 1977. Maandishi ya ndani yanaitaja Tanganyika kama nchi, dalili ya kabla ya Muungano wa 1964. Lakini kitabu huweza kuchapwa tena bila neno kuguswa. Nikaandika: "[1948–1964?], kurasa 32, sm 18, nakala hii haina uk. 1–2." Mabano ya mraba yanamwambia msomaji kwamba mwaka haukusomwa kitabuni. Mwenzangu mmoja anashikilia mwaka wa mwisho niandike 1977, si 1964, na hoja yake ina uzito. Kadi sijaibadilisha, wala alama ya kuuliza sijaifuta.