Katika Diplomacy, Soma Ramani Kabla ya Kuamini Mdomo

Wengi wanaoanza kucheza Diplomacy, mchezo wa ubao wa vita na mazungumzo, hudhani mshindi ni mwenye maneno matamu. Maneno yana kazi yake, sikatai, lakini mtu akisalitiwa mara nyingi huwa ameshaonyeshwa kila kitu ubaoni. Yeye alikuwa anasoma ujumbe wakati alipaswa kusoma vikosi. Muungano hudumu pale ambapo kuuvunja hakulipi. Siku kukianza kulipa, hesabu kwamba umeshakufa, hata kama mwenzako mwenyewe bado hajalijua hilo.

Kwa ambao hawajawahi kuugusa mchezo huu: Allan B. Calhamer, Mmarekani, aliubuni mwaka 1954 na ukaanza kuuzwa 1959. Ubao ni ramani ya Ulaya ya mwaka 1901, na wachezaji ni madola saba: Austria-Hungaria, Italia, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na Uturuki. Kuna vituo 34 vya kugombania, na mwenye kufikisha 18 ameshinda; kila kituo hulisha kikosi kimoja, kwa hiyo anayeongeza vituo hujenga vikosi vipya majira ya baridi. Hakuna dadu wala karata. Kila kikosi, kiwe jeshi la nchi kavu au manowari, kina nguvu ya 1. Vikosi viwili vyenye nguvu sawa vikikimbilia eneo moja, vyote vinadunda na kubaki vilipokuwa. Kumng'oa aliyekaa kunataka 2 dhidi ya 1, na kila dola linaanza na vikosi 3 tu, Urusi peke yake ikiwa na 4. Ndiyo maana lazima utafute mtu wa kukuunga mkono, yaani kikosi chake kikae kilipo na kuongeza nguvu yake ya 1 kwenye chako. Kila mwaka wa mchezo una raundi mbili, masika na vuli; amri huandikwa kwa siri, zikafunuliwa kwa mpigo, na hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kuandika alichoahidi.

Sasa gawanya 34 kwa mbili. Unapata 17. Marafiki wawili wakila bara zima nusu kwa nusu, kila mmoja anaishia kituo kimoja kabla ya ushindi, na kituo hicho kimoja kipo mfukoni mwa mwenzake. Usaliti haukuongezwa na watu wenye roho mbaya. Umo ndani ya hesabu yenyewe. Mnaweza kukubaliana sare, na wengi hufanya hivyo, lakini kila mmoja anajua namba 18 iko wapi.

Ahadi hazilingani uzito

Kuna ahadi inayojilinda yenyewe. Mfano wake bora ni Bahari Nyeusi, raundi ya masika 1901. Urusi na Uturuki wanapatana kudunda humo kwa makusudi: manowari ya Sevastopol inaamriwa kuingia, ya Ankara nayo inaamriwa kuingia, zote zinabaki nyumbani. Uturuki ikijifanya mjanja isiende, Urusi inaingia na kuzitisha Ankara na Constantinople. Urusi isipokwenda, Uturuki inaingia na kuzitisha Sevastopol na Romania. Anayevunja ndiye anayeumia, kwa hiyo hakuna haja ya kuombana uaminifu. Gharama yake ni ndogo: manowari ya Urusi inachelewa kufika Romania hadi vuli.

Kisha kuna ahadi ya "tusiingie wote". Galicia ni ya namna hiyo, kati ya Austria na Urusi. Hapa mambo ni kinyume kabisa, maana anayevunja ndiye anayefaidi. Jeshi la Warsaw likiteleza hadi Galicia huku Austria imeshapeleka majeshi yake kwingine, linapakana na Vienna na Budapest kwa pamoja, na Austria inabaki kubahatisha ilinde ipi. Austria mwenye busara husema ndiyo kwenye mazungumzo, halafu anaandika jeshi la Vienna liende Galicia. Urusi ikiwa mwaminifu hukasirika kidogo. Ikiwa si mwaminifu, vinadunda na kila mtu anajua.

Mfereji wa Kiingereza unafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Uingereza na Ufaransa wamekubaliana hakuna anayeingia. Ufaransa inafungua kwa njia iliyozoeleka: manowari ya Brest kwenda bahari ya Mid-Atlantic, jeshi la Marseilles kwenda Uhispania, jeshi la Paris kwenda Burgundy. Uingereza ikivunja ahadi na kuingiza manowari ya London, vuli inaikuta Brest iko tupu. Burgundy haipakani na Brest, kwa hiyo jeshi lile haliwezi kuokoa chochote. Inabidi manowari irudi kutoka Mid-Atlantic, na Ureno isahauliwe mwaka huo. Lakini kama jeshi la Paris lingekwenda Picardy au Gascony, lingerudi kuziba Brest huku manowari ikiendelea na safari yake ya Ureno. Jirani ni yuleyule na ahadi ni ileile. Hatua moja ya jeshi moja ndiyo inayoamua kama ahadi hiyo ikivunjwa itakuudhi au itakuua.

Kwa hiyo unapopendekeza muungano, acha "tushirikiane". Taja eneo, taja raundi, taja nani anachukua kituo gani mwaka huu na mwaka ujao, na nani anajenga nini. Anayekwepa kutaja maeneo hana mpango na wewe, au anao na hataki uujue.

Msaada wenye sumu

Kuunga mkono kuna masharti makali, na usaliti wa kistadi hujificha humo. Amri ya msaada lazima itaje kikosi kinachotoka wapi na kinakwenda wapi. Ukiunga mkono jeshi likae, nalo likahama, msaada wako ni bure. Na msaada hukatwa pale anayeutoa anaposhambuliwa, hata na kikosi kimoja dhaifu, ilimradi shambulio halitoki kwenye eneo lile ambalo msaada unalielekea.

Tuseme Urusi imeahidi, kutoka Romania, kuliunga mkono jeshi la Uturuki la Bulgaria liingie Serbia ambako Austria imekaa. Urusi inaandika amri hiyo neno kwa neno. Ila usiku imemnong'oneza Austria: "Igonge Romania kutoka Budapest." Msaada unakatika, Uturuki inadunda, na karatasi ya Urusi ni safi kama nguo ya Idi. Kila mtu anampa pole. Jambo likijirudia mara mbili kwa mshirika mmoja, si bahati mbaya.

Kinyume chake kinapendeza zaidi. Austria inataka kuilinda Budapest iliyo tupu bila kuacha Serbia. Inatumia mbinu inayojulikana: jeshi la Serbia na la Vienna yote yanaamriwa kwenda Budapest ili yadunde na kubaki yalipo. Urusi, rafiki yake, inajua mpango. Inaandika: Romania inaunga mkono Serbia kwenda Budapest. Hakuna kanuni inayokataza kumsaidia mtu ambaye hakuomba. Serbia sasa ina 2 dhidi ya 1 ya Vienna, inaingia Budapest, na nyuma yake eneo linabaki wazi. Jeshi la Uturuki lililokuwa Bulgaria linaingia bila kugusana na mtu. Kama ni vuli, kituo kimekwenda. Kinga yake ni kutomwambia mtu yeyote kwamba unadundisha vikosi vyako mwenyewe.

Na kuna "nilikosea kuandika". Manowari ya Mid-Atlantic inaweza kufika pwani zote mbili za Uhispania, kwa hiyo amri ya kwenda Uhispania bila kutaja pwani haitekelezwi. Kosa hilo hutokea kweli kwa wageni. Kwa mchezaji mzoefu, mimi silipokei.

Dalili

Tazama ujenzi wa majira ya baridi kuliko unavyotazama kitu kingine chochote. Kikosi kipya hakisemi uongo. Mshirika wako Uingereza akijenga manowari Liverpool, wewe ukiwa Ufaransa, jiulize inakwenda wapi kama si Irish Sea kisha Mid-Atlantic. Urusi ikijenga manowari pwani ya kaskazini ya St Petersburg, haina pa kutokea zaidi ya Norwei na Barents, kwa hiyo inamhusu Uingereza hata kama barua zinasema mapenzi. Dalili nyingine ni mwenzako kukuhimiza upeleke vikosi mbali, huku vyake vikichelewa kuondoka mpakani kwa sababu ndogondogo. Mtu aliyekuwa anabishana nawe juu ya kila kituo akianza ghafla kukubali kila kitu, kikulacho ki nguoni mwako.

Ukiwa wewe ndiye unayetaka kugeuka, vituo hubadilisha mmiliki baada ya vuli tu. Ukimpiga mwenzako masika, ana vuli nzima ya kujipanga na kulialia kwa majirani. Ukimpiga vuli, anapoteza vituo na vikosi papo hapo, nawe unajenga. Masika inafaa pale tu ambapo hatua moja inakuweka mlangoni pa vituo viwili au vitatu na yeye hana kikosi cha kurudi kwa wakati. Chini ya vituo viwili usijisumbue: umejitengenezea adui wa kudumu kwa kikosi kimoja cha ziada. Hakikisha pia vituo vyako vya nyumbani, vile ulivyoanza navyo, viko tupu, kwani ujenzi hufanyika huko tu. Watu huteka vituo viwili, wakakuta wana nafasi moja ya kujengea.

Kuhusu kudanganya, mimi ni bahili. Programu ya Cicero ya kampuni ya Meta, iliyotangazwa 2022, ilicheza michezo 40 mtandaoni na kuingia kwenye asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mchezo mmoja, na ilitengenezwa ili ujumbe wake uendane na hatua ilizokusudia. Sema kweli raundi zote ambazo uongo haukuletei kituo. Ukishageuka, mwandikie uliyemgeuka mara moja, bila kejeli na bila visingizio: mwambie ni vituo vipi hutavigusa akigeukia upande mwingine. Mtu aliyedhalilishwa humpa adui yako kila alichobaki nacho, na hapo faida yako imeyeyuka.

Mshirika akifika vituo 14 au 15, mazungumzo yabadilike. Mchezaji ana ruhusa ya kutotumia ujenzi, basi mwombe aruke mmoja. Akikataa, anza kufunga mstari usiovukika. Dhidi ya dola linalotoka Mediterania kufuli ni Mid-Atlantic: manowari moja humo, ikiungwa mkono na nyingine zilizoko Mfereji wa Kiingereza, Irish Sea na North Atlantic. Mradi Brest na Gascony ziko upande wako, yeye hawezi kuzigusa hizo tatu za nyuma ili kukata msaada. Zipangwe angali na 14, kwa sababu manowari yake ikishaingia Mid-Atlantic, mstari huo hauna kazi tena.