Siku moja ya mwalimu wa Baiolojia: wakishatoka chumba cha mtihani

Saa 11:00 alfajiri. Niko macho kabla simu haijalia. Kidato cha nne leo wana Baiolojia, mtihani wa majaribio wa hapa hapa shuleni. Ule wenyewe wa NECTA, Baraza la Mitihani, wataukuta Novemba. Karatasi nimeitunga mimi kwa mpangilio wa Baraza: saa tatu, sehemu A, B na C, alama mia. Chai, kiporo, watoto wavae sweta maana asubuhi za Agosti Morogoro hazina mchezo, halafu mbio barabarani.

Saa 12:20. Daladala ya Kihonda kwenda mjini. Wanafunzi wangu wawili wamesimama karibu na mlango, maana konda hapendi mwenye nauli nusu akae. Wanaulizana tofauti ya ateri na vena. "Shikamoo madam." "Marahaba." Madaftari yakafungwa mara moja, sijui waliona aibu gani.

Saa 1:30. Mstarini. Mkuu wa shule anawaambia wasome swali mara mbili kabla ya kujibu. Bahasha ziko kwa mwalimu wa taaluma tangu jana. Kwetu mwalimu wa somo hakanyagi chumba ambamo somo lake linafanywa, kwa hiyo mimi nimepangiwa vipindi vya kidato cha pili, na ndivyo asubuhi yote ilivyokwisha.

Saa 5:00. Ringi la lori likagongwa, karatasi zikakusanywa. Nilikuwa maabara naosha testi tyubu. Kesho kuna vitendo na sisi hatuna fundi wa maabara, kwa hiyo iodini na Benedict, kemikali za kupimia vyakula, pamoja na vibomba vyote, ni juu yangu. Dirisha la maabara linatazama kibaraza chenye bomba la maji, na kibaraza hicho ndicho bunge lao kila baada ya mtihani. Waliokuwa wakija hawakujua nipo ndani, na sikuona sababu ya kukohoa.

Wa kwanza kufika ni wale wa "umeongeza karatasi?" Ukisema umeongeza mbili wenzio wanakuangalia kama umewala. Mmoja akajigamba ameshusha nondo mpaka mkono umekufa ganzi. Mwenzie akamwuliza kisababishi cha malaria ameandika nini. "Si mbu?" Kelele. "Mbu anabeba tu wewe, kisababishi ni Plasmodium!" Yule wa nondo akanyamaza muda mrefu kidogo, kisha akasema hilo ni alama moja tu. Kweli ni moja. Ila nimelifundisha hilo tangu wako kidato cha kwanza, na kila mwaka mbu anapata kura zake.

Kiazi kilichotumbukizwa kwenye maji ya chumvi kali hakikuwasumbua, karibu wote walijua maji yametoka kwa osmosisi na kiazi kimelegea. Moyo ndio ulioleta ugomvi. Swali lilitaka wataje kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, ni mnene kuliko wa kulia, kisha waioneshe kwenye mchoro.

"Nimeweka upande wa kushoto."

"Kushoto kwa nani? Kwako au kwa mwenye moyo?"

"Kushoto ni kushoto bwana!"

"Haya njoo nisimame mbele yako, nishike kushoto kwangu." Wakasimama ana kwa ana, mmoja kaweka kiganja kifuani, na nikaona kupitia nondo za dirisha yule mbishi akigeuza shingo, akigeuza tena, halafu akapiga kofi paji la uso wake. Sababu yenyewe alikuwa ameiandika vizuri: kushoto kunasukuma damu mwili mzima, kulia kunaishia mapafuni tu. Kilichoharibika ni mshale.

Pembeni ya bomba alikaa kijana mmoja ambaye huwa haongei baada ya mtihani. Anaosha miguu, anasikiliza. Mtu akasema "swali la 11 lilikuwa la bure," akainua uso: "Yalikuwa kumi na moja?" Lilikuwa nyuma ya ukurasa. Hakuna aliyecheka. Monita akamwambia sehemu C unachagua mawili, bado una mengi ya kukubeba, lakini yule alikuwa ameshaanza kufunga kamba za viatu bila kukausha miguu.

Kisha likaja swali la selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. AS ni mwenye jini moja la ugonjwa, S, na moja zima, A; SS ni mgonjwa. Baba ni AS, mama ni AS: chora mchoro wa kurithi na utaje uwezekano wa kupata mtoto SS. Robo, wote walikubaliana ni robo. Kipanga wa darasa, kijana ambaye wenzake humwuliza yeye kwanza kabla ya kuniuliza mimi, akafafanua bila kuombwa: "Maana yake wakizaa wanne, mmoja atakuwa SS. Akishazaliwa huyo, watatu waliobaki wako salama."

Wengi wakaitikia. Binti mmoja wa dawati la nyuma, wa kawaida tu darasani, akasema hapana.

"Hapana nini?"

"Kwa mama mdogo wawili wanafuatana. Wa kwanza SS, wa pili SS."

Kipanga akasema labda vipimo vilikosea. Binti akasema vipimo vimefanywa hospitali ya mkoa, na mdogo wao alilazwa kuongezewa damu mwezi wa nne, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipeleka uji. Pakawa kimya. Monita akatoa sarafu ya mia mbili. Akairusha: Karume. Akarusha tena: Karume. Ya tatu, Karume. "Sasa ya nne lazima iwe simba?" Mmoja akasema lazima, zamu yake imefika. Binti akauliza, "Sarafu inakumbuka?" Akarusha: Karume tena, na kibaraza kizima kikapiga yowe kama goli limeingia.

Testi tyubu ilikuwa mkononi mwangu imejaa povu. Nilitamani kutoka niseme ndiyo, kila mimba baba anatoa A au S upya, mama vilevile, na hakuna kinachohesabu waliotangulia. Nikabaki nilipo. Wangeniona tu wangeacha kubishana na kuanza kunisikiliza, na hiyo ni hasara.

Saa 6:45. Makande. Bunge limehamia foleni ya chakula, sasa hesabu ni za madaraja: "75 ndiyo A, mimi 60 ninayo, hiyo C." "Ukikosa moyo na selimundu?" "Usiniharibie makande."

Saa 8:00. Wana Jiografia. Hili silipendi katika kulinganisha majibu: anayegundua saa 5 kwamba ameharibu anaingia saa 8 na kichwa cha asubuhi. Nilimwita yule wa swali la 11, nikamwambia swali moja halimwangushi mtu, na kesho kwenye vitendo ageuze kila karatasi kwanza. "Sawa madam." Sijui kama ilisaidia.

Saa 9:30 hadi 11:30 jioni. Ofisini, kalamu nyekundu. Naanza na selimundu kwa sababu siwezi kuvumilia. Kipanga: mraba wa Punnett, ule mchoro wa kurithi, umechorwa kwa rula, gameti (mbegu za uzazi) ziko ndani ya viduara, jibu robo. Sita kwa sita. Binti: mstari mmoja, "1/4", hakuna mchoro. Mwongozo wa kusahihishia unasema mchoro alama nne, jibu mbili. Nikampa mbili. Mwalimu wa Kemia akauliza mbona nagonga kalamu mezani. Nikamweleza. Akasema mtihani unasahihisha kilichoandikwa, na yuko sahihi, na bado nikaendelea kugonga.

Mshale wa ventrikali: nilihesabu darasa zima, zaidi ya nusu wameuelekeza upande usio wake. Jumatatu nitawasimamisha wawili wawili ana kwa ana, mbinu si yangu, ni ya kibarazani.

Saa 3:00 usiku. Watoto wamelala. Natunga maswali ya marudio. Namba moja nikaandika: wazazi wote ni AS, mtoto wao wa kwanza ni SS, wa pili ni SS, uwezekano wa mtoto wa tatu kuwa SS ni upi? Eleza, mchoro pekee hautoshi. Nikamsomea mume wangu aliyekuwa akitazama mpira.

"Sifuri," akasema bila kugeuka. "Hao wawili si wameshamaliza zamu?"