Uvimbe wa taya na kirusi ambacho karibu kila mtoto anacho

Kirusi cha Epstein-Barr huenea kwa mate, na Afrika Mashariki watoto wengi huwa wameshakipata kabla ya kutimiza miaka 3, bila dalili ya maana. Kwa hiyo mzazi anayeuliza mwanawe kakitoa wapi hapati la kumsaidia. Afadhali aulize kwa nini kwa mtoto huyu mmoja kimeishia kwenye saratani ya Burkitt, yaani huo uvimbe wa taya.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza uvimbe huu mwaka 1958. Alipofuatilia unakopatikana barani, aliona unafuata malaria: nyanda za juu zenye baridi na sehemu kame hazikuwa nao. Vinyama vilivyokatwa kwenye uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 watafiti Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi ndani ya seli.

Kirusi hujificha katika seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Malaria ya mara kwa mara huzichochea zizaliane, na zikiwa kazini hukata na kuunga DNA yake zenyewe. Hapo hutokea kosa: mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike, huunganishwa na kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo daima zimewashwa. MYC nayo haizimiki tena. Seli yenye hitilafu hiyo ilipaswa kujiua. Kirusi huizuia isife. Anayesema "kirusi kimeleta uvimbe" kasema theluthi tu ya habari.

Uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku 1 au 2. Mara nyingi meno hulegea kwanza, au tumbo hujaa. Kung'oa jino na kubadilisha antibaiotiki ni kupoteza muda; kikatwe kinyama, kipimwe. Tiba ni dawa, si kisu: siklofosfamidi, mara nyingi na vinkristini, na methotreksati inayodungwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Ajabu ni kwamba hatari huja dawa inapofanya kazi vizuri mno. Seli zikifa kwa mkupuo humwaga asidi ya yuriki na potasiamu; figo hushindwa, moyo hupoteza mapigo. Ndiyo maana dripu na alopurinoli, dawa inayopunguza asidi ya yuriki, hutangulia dozi ya kwanza, na mkojo hupimwa kila baada ya saa chache. Ukipungua, daktari aitwe usiku huohuo.