Sekunde 30, Kisha Giza

Leo nimepata jibu la jambo lililoninyima usingizi siku tatu. Bodi yangu, kompyuta ndogo inayoendeshwa na Linux, inawaka, maandishi ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yanatiririka kwenye skrini, na baada ya sekunde kama 30 skrini inazima. Mfumo wenyewe u hai. Ukiingia kwa waya wa siriali kutoka kompyuta nyingine, kila amri inajibiwa, na kwenye logi hakuna kosa hata moja.

Siku mbili za kwanza nilishuku kumbukumbu ya fremubafa (sehemu inayohifadhi picha ya skrini), kisha paneli (kioo chenyewe cha skrini), kisha nyaya. Kilichonizindua ni zile sekunde 30: hazikubadilika hata mara moja. Waya uliolegea haufuati saa. Linux ikishawaka husubiri muda huo, halafu huzima kila regyuleta, yaani kidhibiti cha umeme wa kifaa, ambayo hakuna draiva (programu ya kuendesha kifaa) iliyoishika. Regyuleta ya paneli yangu iliwashwa na butiloda, programu inayotangulia na kuipakia kerneli, kabla kerneli haijaamka. Umeme ulikuwepo, picha ilikuwepo, lakini kwenye hesabu ya kerneli watumiaji wake walikuwa sifuri. Nilirudia kuitazama sifuri ile kwa muda mrefu.

Njia ya mkato ninaijua: unaitia regyuleta alama kwamba iwake daima, basi. Sikuitaka. Alama hiyo ingemfunga mikono hata draiva halisi wa skrini, asiweze kamwe kuikatia paneli umeme, na betri ndiyo ingelipa. Badala yake nimeitaja regyuleta kwenye nodi (kifungu) ya fremubafa katika mti wa vifaa, faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi, kwa sifa inayoishia na "-supply". Draiva ya simplefb, ile sahili inayoonyesha picha kupitia fremubafa iliyoandaliwa na butiloda hadi draiva kamili ya skrini ifike, husoma sifa za namna hiyo, huomba kila regyuleta iliyotajwa na kuiwasha. Kuwasha kinachowaka hakuongezi volti yoyote; kinachoongezeka ni hesabu, kutoka 0 hadi 1. Sekunde 30 zikapita. Dakika 10 zikapita. Nilibaki nimekodolea macho maandishi yale kama mgeni niliyemsubiri kwa miaka.

Bado kuna makabidhiano. Draiva kamili anapofika, simplefb huondoka na kuachilia alichoshika, hesabu inarudi sifuri, na mpya asipokuwa ameishika regyuleta tayari, umeme unakatika. Jioni nimeiona: skrini ikapepesa mara moja, ikarudi. Kesho nitaanzia hapo.