Maji ya Mwisho

Juzi mwanangu alirudi na kazi ya shule: nani aliyepandisha Mwenge wa Uhuru Kilimanjaro? Nikamwambia ni Luteni Alexander Nyirenda, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Akaandika, kisha akainua kichwa. "Na chakula chao alibeba nani?"

Nilishtuka. Lile lilikuwa swali la Mwalimu kabisa, yule aliyenifundisha shuleni, na mtoto huyu hakuwahi kumwona.

Akitufundisha habari za Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni mwaka 1889, hakufunga somo bila kutukumbusha kwamba kulikuwa na watu waliobeba mizigo, na watu hao walikuwa na majina. Yeye mwenyewe alijisomesha kwa upagazi wakati wa likizo. Nadhani ndiyo maana hakuweza kukaa ndani. Jumamosi ungemkuta na baiskeli yake ya Phoenix njia ya Same. Alilizunguka Ziwa Chala kwa miguu, akapanda Meru kupitia Momella. Somo la umwagiliaji alilifundisha kwa kutupeleka kuufuata mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, kutoka migombani hadi ndani ya msitu, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Wazazi walinung'unika kwa sare zilizojaa matope. Sisi tulielewa.

Alipostaafu, kila mtu alijua sasa atatulia kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na ng'ombe wake. Akanipigia simu: "Jiandae, tunapanda."

Tulipita njia ya Marangu. Kituo cha Mandara ni msitu, cha Horombo ni baridi; yanatosha. Ninachotaka kusimulia ni siku tuliyotoka Horombo, mita 3,720, kwenda kituo cha Kibo. Njiani kuna mahali panaitwa Maji ya Mwisho. Ukipita hapo, mbele ni mchanga na mawe tu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, na maji yote ya kupikia na kunywa huko juu ni ya kubebwa. Tuliwakuta wapagazi wa msafara mwingine wakijaza madumu. Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe, kiroba cha vyakula miguuni, raba zimefungwa kwa kamba, midomo imepasuka kwa baridi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu akamkazia macho. "Si wewe uliyekuwa unakaa dirishani?"

Kijana akatabasamu, akainamisha kichwa. Aliacha shule darasa la sita, baba yake alipofariki.

Mwalimu hakusema neno. Alivua sweta lake, akalikunja kwa urefu, akalisokota mikono na yote, akalizungusha mpaka likawa ngata. Akaiweka utosini, akaibonyeza kwa kiganja kuona kama imekaa, akaitoa, akaikaza tena. Vidole vilikuwa havijasahau.

"Lete."

"Hapana, Mwalimu. Haifai."

"Lete, nimesema."

Ilikuwa sauti ya darasani, na kijana alisimama papo hapo. Mwalimu akapiga goti moja, akatwishwa, akainuka taratibu, shingo imenyooka, mkono mmoja ukishika kiroba kwa hatua chache, kisha akauachia. Kijana akafuata nyuma na kimkoba cha Mwalimu, ndani yake chupa ya chai na kofia. Wapagazi wakaacha mazungumzo. Mmoja alicheka, kicheko kikakosa wa kukipokea. Mimi nilikuwa nyuma yao. Kijana hakutazama mlima wala wenzake. Alitazama visigino vya Mwalimu, hatua kwa hatua, na mabega ameyapandisha kama mtu anayenyeshewa.

Tulipofika kwenye mawe makubwa alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, naomba mzigo wangu. Mkuu wa msafara akiona, nitakosa kazi."

Mwalimu akautua. Kijana akajitwika mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaondoka kwa mwendo wa haraka ambao kule juu hauendwi.

Kilele cha Uhuru tulifika, mita 5,895, picha ipo. Wakati wa kushuka tulimkuta tena Horombo. Aliamkia watu wote kwa pamoja, akapita. Jioni ile, tukinywa chai, Mwalimu aliniuliza, "Nimemkosea?"

Nikasema hapana. Hakunijibu.

Tulipomzika, kihamba kilijaa wanafunzi wa miaka yote, na wapagazi walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Nilizunguka kati ya mimea ya masale nikitazama nyuso. Yule kijana sikumwona.

Kwamba Mwalimu alifanya vile kwa upendo sina shaka, nilimjua. Ila nayakumbuka yale mabega, na nashindwa kusema kwamba yalipokea upendo. Labda alitaka tu Mwalimu akae naye kwenye lile jiwe, wanywe ile chai. Labda si hivyo. Kama bado yuko mlimani na maneno haya yatamfikia, namwomba aniandikie. Mwalimu aliuliza, na anayeweza kujibu ni yeye.