Pingili 12 za mkono mmoja

Mwaka wangu wa tatu hapa Chicago, chuo nilichokuwa nikisomea uuguzi kiliniambia nimebakisha somo moja la sanaa ili kutimiza idadi. Lililokuwa na nafasi baada ya zamu yangu ya kutunza wazee lilikuwa la kusikiliza muziki: kwanza muziki wa klasiki wa Ulaya, kisha jazi ya Marekani. Nilijiandikisha kwa ajili ya ratiba tu. Miaka imepita, na ninawaandikia leo nyinyi mlio ughaibuni kwa sababu miji mingi tunayoishi ina muziki huu, mwingine wa bure kabisa, na watu wetu wanaupita kila siku wakidhani haukuwekwa kwa ajili yao.

Mimi mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Ami yangu alikuwa akipiga fidla kwenye kikundi cha taarab, na utotoni nimelala mara nyingi chini ya viti vya mazoezi hadi nikabebwa kurudishwa nyumbani. Nikaingia darasani nikiwa na yakini kwamba muziki naujua. Mwalimu akaweka simfoni, muziki mrefu wa okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji. Dakika kumi zikapita namngoja mwimbaji aingie, na mwimbaji haingii. Fidla zinapanda, zinashuka, ngoma zinanguruma, kimya, mambo yanaanza upya. Nilitoka na kichwa kinaniuma.

Kwenye treni ya kurudi ndipo nilipokumbuka bashraf. Waliokulia Unguja wanaijua: kabla ya mwimbaji kusimama, kikundi hupiga kipande kisicho na maneno, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), udi, fidla na akodiani kwa pamoja. Sisi watoto tulikuwa tukichoshwa nacho, na ami alitufundisha namna ya kukikalia. "Msisikilize vyote," alikuwa akisema. "Shikeni kile kinachorudi." Ndani ya bashraf mna kipande kiitwacho taslim, ambacho hurudi kila baada ya muziki kwenda mahali papya. Ukishakishika hicho hupotei tena. Wapigaji watakwenda wanakokwenda, na wewe unajua mlango wa nyumbani ulipo.

Usiku ule ule nikaiweka tena simfoni ileile, ya tano ya mtunzi Beethoven. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika tamasha la saa nne hivi ndani ya ukumbi uliojaa baridi. Mwanzo wake ni midundo minne, mitatu mifupi na mmoja mrefu: ta-ta-ta-taa. Nikajiambia nitashika hiyo tu, mengine yapite. Jamani, haikuondoka! Sehemu ya kwanza, dakika saba hivi, karibu yote imejengwa kwa midundo ile minne. Beethoven anaitupa kwa fidla, anaipa honi (pembe za shaba za kupuliza), anaikata kipande, anaificha chini kwenye besi huku juu kukiimbwa kitu kingine chenye upole. Halafu, mambo yakiwa yamepamba moto, okestra nzima inasimama ghafla. Obo moja, aina ya zumari, peke yake inavuta mstari wa sekunde chache, taratibu, bila mapigo ya kuifuata, kisha wote wanarejea kwa nguvu. Nilikuwa peke yangu chumbani, nikasema kwa sauti: "Taksimu!" Wanaopiga taarab wanaelewa ninachosema. Ni ile nafasi ambayo kikundi kinamwachia mtu mmoja aongee kwa chombo chake, na wengine wanamngoja.

Simfoni hii ina sehemu nne. Katika ya tatu honi zinakuja na ile ta-ta-ta-taa, safari hii kama watu wanaoandamana, na sehemu hiyo haikatiki bali inapenya moja kwa moja hadi ya nne, pale sauti ya huzuni iliyotawala tangu mwanzo inapogeuka kuwa ya ushindi. Ukipata nafasi ya kuiona ikipigwa, watazame wale watatu wanaopiga tromboni, tarumbeta ndefu ya kuvuta. Wanakaa zaidi ya dakika ishirini bila kupuliza hata mara moja, kwa sababu Beethoven amewawekea akiba mpaka mlango wa sehemu ya nne ufunguke. Nilipowaona wakinyanyua vyombo vyao kwa pamoja, nywele zilinisimama.

Niliwaona kwenye bustani ya Millennium Park, katikati ya mji. Chicago ina tamasha la muziki wa klasiki la kila kiangazi, Grant Park, linaloendeshwa tangu 1935, na mwenye kukaa majanini halipi hata senti. Juu ya majani wametandaza wavu mkubwa wa mabomba ya chuma ulioning'inizwa spika, kwa hiyo hata aliye nyuma kabisa anasikia. Mimi natandika kanga mbili, natoka na chupa ya chai na mkate wa kumimina. Uwahi kabla hawajaanza, usikie wanavyopatanisha vyombo: obo inatoa sauti moja iliyonyooka, na okestra nzima inaitafuta mpaka wote wakutane nayo. Mchana pia hufanya mazoezi hapohapo, na hayo ndiyo yaliyonifundisha zaidi ya darasa. Kiongozi anawasimamisha, anataka fidla zishushe sauti, wanarudia, na wewe unasikia mstari wa selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, uliokuwa umefunikwa.

Jambo moja liliniuma, nami nawaeleza lisije likamvunja moyo mwingine. Siku yangu ya kwanza katika ukumbi wa kulipia nilipiga makofi sehemu ya kwanza ilipokwisha. Nilikuwa peke yangu. Watu waligeuka, na mama mmoja akatikisa kichwa. Kwetu mpigaji akifanya vizuri halafu ukamnyamazia, umemtusi. Watu hunyanyuka wakaenda kumtunza mwimbaji wimbo ukiendelea. Baadaye nilisoma kwamba ukimya huu ni desturi ya karibuni. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake barua kutoka Paris akifurahi kwamba wasikilizaji walipiga makofi katikati ya simfoni yake. Siku hizi nangoja mpaka mwisho, kwa kuwaheshimu walionizunguka, lakini siamini tena kwamba nilikosa adabu.

Sasa jazi. Neno hilo sisi tumekua nalo: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na Kinshasa walikuwa na OK Jazz. Ile ilikuwa dansi, magitaa na chemko la kumtoa mtu kwenye kiti. Jazi ya Marekani ilipoanza darasani nikatumia dawa ya ami, nikashika wimbo, nikangoja urudi. Haukurudi! Tarumbeta ilisema lake, kisha klarineti ikasema lingine kabisa, piano nayo lingine. Wiki nzima nilipotea tena.

Mwalimu akatuambia tuhesabu. Moja mbili tatu nne, hiyo hesabu ya kwanza. Moja mbili tatu nne, ya pili. Zikifika 12 duara limefunga na linaanza upya. Huo ndio msingi wa bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi ambao jazi imeujengea juu yake. Wenzangu waliandika kwenye karatasi. Mimi dole gumba langu lilianza lenyewe kutembea kwenye pingili za vidole, kama tunavyohesabu tasbihi baada ya sala: vidole vinne, kila kimoja pingili tatu. Kumi na mbili kamili. Duara zima la bluzi linaenea kwenye mkono mmoja.

Basi nikaelewa kwamba kinachorudi kipo, ila kimeshuka chini. Juu mpigaji anatunga papo hapo, na chini yake duara lilelile linazunguka bila kuyumba. Ni malenga anayejibizana jukwaani: mizani na vina vimekwishapangwa, hawezi kuvivunja, na humo humo ndimo anamoonyesha ubingwa wake.

Rekodi niliyojifunzia ni ya mpiga tarumbeta Louis Armstrong, West End Blues. Aliirekodi papa hapa Chicago tarehe 28 Juni 1928, na ni ya dakika tatu na kidogo, kiasi ambacho upande mmoja wa santuri ya zamani ulikuwa unabeba. Inafunguka kwa tarumbeta tupu, sekunde kama kumi na tatu, hakuna ngoma wala piano. Inapanda kama mtu anayekimbia ngazi, inageuka, inashuka. Kisha bendi inaingia, na hapo dole gumba lianze kazi. Mkono wa kwanza ni wa tarumbeta, wa pili tromboni. Wa tatu klarineti inauliza na Armstrong anaijibu kwa mdomo, sauti bila maneno, laini kabisa. Wa nne ni piano ya Earl Hines. Wa tano Armstrong anashika sauti moja ya juu na haiachi, pingili ya kwanza, ya pili, ya tatu, inakaribia kwisha ya nne, wewe pumzi imekuishia na yeye bado.

Mwaka huohuo, 1928, Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri zake. Nilipoona tarehe hizo mbili nilikaa kitako kwa muda. Armstrong, mjukuu wa watumwa kutoka New Orleans, na Siti, binti wa watumwa kutoka Fumba, Unguja, hawakujuana, wote wawili wamesimama mbele ya mashine ya aina ileile ya kuchonga sahani.

Ami yangu sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri. Nilimtumia zile sekunde kumi na tatu za mwanzo wa West End Blues kwenye simu, bila kumwambia ni za nani. Akanipigia. "Nani huyu anapiga taksimu kwa tarumbeta?" Nikamwambia ni Mmarekani, nikamwekea rekodi nzima huku nimeweka simu karibu na spika, nikamweleza ahesabu pingili. Nilimsikia akinong'ona hesabu. Ilipokwisha akakaa kimya kidogo.

"Haya," akasema, "irudishe."