Karanga za getini

Mimi ni afisa utumishi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Juzi nimenunua karanga za mia mbili kwa mama wa getini, nafungua ile karatasi nakuta makato ya NSSF na mkopo wa mtu. Salari slipu! Na jina juu. Karanga zenyewe nilizila kwa aibu.

Kila mwezi tulikuwa tunachapa slipu za watu wote. Zinasomwa nusu dakika, kisha ni karanga au mtaroni, na mvua ikinyesha mto Mirongo unazisukuma ziwani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, tukajiona wasafi, kumbe!

Sasa tunatuma kwa simu. Anayetaka karatasi anapewa, maana wazee wa zamu ya usiku waligoma kabisa ("Benki nikawaonyeshe simu, mwanangu?"). Wafanyakazi wapya nao, kabla ya kusaini chochote, nawapeleka hadi mtaro wa nyuma wauone unakoelekea.

Mama wa karanga kaninunia. Siku hizi anafungia kurasa za madaftari ya shule.